Watani wa Taifa

Nchi ninayoisimulia ilikuwepo jana, na leo nilipoamka nikaikuta bado ipo, kama mgonjwa aliyeshindwa kufa. Jina lake silitaji. Wanaoijua hawahitaji kuambiwa, na wasioijua wamshukuru Mungu wasiniulize.

Nchi hiyo ina wageni. Si wageni wa kuja na kwenda. Ni wageni wa kukaa, wenye vibali, mbwa, na matangi makubwa ya maji juu ya mapaa. Wanaishi Kilima cha Upepo, palipoitwa hivyo kwa sababu upepo wote wa mji ule walipewa wao. Mimi nilipata kazi huko ya kufua na kupika, nyumbani kwa Bibi Hedvika na mumewe, Bwana Anselmi.

Katika kufagia kwangu niliona kwamba wageni hawa wako wa aina mbili. Wa kwanza wanatuchukia. Hao hawana shida. Wanafunga madirisha, wanasema sisi wachafu na wavivu, wanalala. Sijawahi kuona mtu aliyeumizwa na chuki ya mtu aliyejifungia ndani. Wa pili ni wale wanaotupenda. Hapo ndipo pa kumwomba Mungu.

Maana walipoipenda mikeka yetu, mikeka yote ilipanda kwenye kuta zao, sisi tukalala kwenye saruji. Walipoipenda ngoma ya mavuno, serikali ikaihamishia kwenye miezi ya likizo zao, ambapo shambani hakuna hata bua. Wazee wakawa wanacheza kushukuru mavuno huku wakiyumba kwa njaa, na wageni wakausifia sana ule mtindo wa kuyumba. Walipovipenda vibuyu vya kuchotea maji, mabomba ya kata nzima yaling'olewa yasiharibu picha. Bibi Hedvika alilia siku ile. "Sasa mmekuwa ninyi wenyewe tena," alituambia, halafu akaingia ndani kuoga.

Basi ikatokea kwamba mtunza bustani wa nyumba ile, Lukasi, alikufa ghafla.

Lukasi alikuwa mtu wa bondeni kama mimi. Zamani watu wa bondeni na watu wa mlimani waliuana mpaka wakachoka, wakaona ni nafuu watukanane. Tangu hapo ni watani. Wa bondeni akifa, wa mlimani ndio wanaochimba kaburi, wanakata kuni, wanasonga ugali wa msiba na kusugua masufuria; na katikati ya kazi hiyo wana ruhusa ya kumsema maiti watakavyo. Wafiwa hucheka hata kama hawataki. Kicheko kikishatoka, kilio nacho kinapata pa kupumulia. Na wa mlimani akifa, sisi tunawafanyia vivyo hivyo.

Mtani wetu mkubwa alikuwa Bi Nyamizi, mama mnene mwenye pumu aliyekaanga mihogo pale chini ya kilima. Kila nikipita aliniita mtumwa wake. "We mtumwa, bwana wako nakuita! Wageni wamekulisha leo, au umekula sabuni?" Nami nilimjibu kwamba mtu wa mlimani hana watumwa, ana kupe tu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Siku ya maziko ya Lukasi, Bi Nyamizi alikuwa amechimba toka alfajiri na wenzake. Jeneza lilipoletwa, akatokea nyuma ya umati amevaa mabuti ya marehemu, amejizungushia mpira wa kumwagilia maji shingoni.

"Lukasi wee! Umenywesha nyasi za watu maisha yako yote, umekufa mwenyewe na kiu! Inuka, bomba linavuja! Aa, umelala? Hata ulipokuwa hai ulikuwa unalala kazini, ila leo umezidi!"

Akarukia ndani ya kaburi, akakaa. "Sitoki! Nipeni kuku, la sivyo mtoto wenu huyu mkamlaze mezani!"

Mjane wa Lukasi alikuwa hajasema neno toka mumewe aanguke. Akaanza kutetemeka mabega. Tukadhani anazimia, kumbe anacheka. Kisha akalia, akalia sana, na baadaye akaomba uji. Kuku akaletwa, Bi Nyamizi akatolewa shimoni kwa kuvutwa mikono, na Lukasi akazikwa vizuri.

Bibi Hedvika alikuwepo. Mwanzo alishika kifua, baadaye macho yakamjaa machozi, akanivuta pembeni.

"Ni nini kile?"

"Ni utani, Bibi."

"Anaruhusiwa kumtukana maiti?"

"Anaruhusiwa, Bibi, kwa kuwa ndiye aliyemchimbia. Na siku akifa yeye, sisi nasi..."

"Hapana, hapana. Hiyo ya kuchimba ni upande wa kazi. Mimi nauliza upande wa utamaduni."

Sikujua kama vitu hivyo vina pande.

Kule kilimani wageni wanaotupenda walikuwa na chama chao, Chama cha Wakazi wa Kigeni Wapendao Mila, na mwenyekiti wake alikuwa Bibi mwenyewe. Chama kikamwendea Waziri wa Mila na Mapokezi, Mheshimiwa Polikarpo Tundwe, kumweleza kwamba kimeupenda utani. Mheshimiwa alikuwa hawezi kusikia kitu kimependwa akakiacha mahali pake. Tukaitwa uwanja wa mpira, na mvua ya rasharasha ikiwa inatunyeshea sisi tu, maana jukwaa lilikuwa na turubai.

"Ndugu wananchi!" alisema Mheshimiwa. "Nchi nyingine wageni wamezipa barabara. Nyingine wamezipa viwanda. Sisi, kwa uongozi imara na usiotetereka, tumepewa kitu ambacho hakuna taifa lililowahi kupewa. Tumependwa! Na mtu anayekupenda humnyimi msiba wako. Kwa hiyo, kuanzia leo, wageni wote wenye vibali halali vya kuishi ni Watani wa Taifa! Watahudhuria maziko yoyote pasipo kualikwa. Watamsema marehemu yeyote. Mtani wa Taifa akiingia kaburini ni marufuku kumgusa, na ni marufuku yeye kutoka kabla wafiwa wenyewe hawajamlipa, kwa kuwa Bibi Hedvika ametuthibitishia kwamba hivyo ndivyo walivyofanya mababu zetu!"

Mababu zetu hawakuwepo uwanjani, kwa hiyo hawakupinga.

Bi Nyamizi akanyoosha mkono. "Shikamoo, Mheshimiwa. Kwa hiyo na sisi ni watani wao?"

Mheshimiwa akamtazama katibu wake. Katibu akatazama turubai.

"Mama," Mheshimiwa akasema, "utani ni utani!"

Watu wakapiga makofi. Bi Nyamizi akakaa chini, akaninong'oneza, "Umesikia, mtumwa? Tumeongezewa ndugu. Na wale walivyo laini, watatupa kazi ya kuchimba."

Yeye aliamini. Nilimtazama usoni na nikaona kwamba anaamini.

Wageni wakafunguliwa kozi ya utani. Walijifunza kwenye ukumbi wenye viyoyozi, na aliyefaulu alipewa cheti na kofia ya ukili. Kozi nzima haikuwa na jembe hata moja. Kisha wakashuka mjini kutafuta misiba, na misiba, kama mnavyojua, haikuwa adimu.

Nitasimulia mmoja. Mwanamke wa nyuma ya soko alifiwa na mtoto wake mchanga kwa malaria. Kila mtu katika nchi ile, hata mlevi, anajua kwamba msiba wa mtoto mchanga hautaniwi. Mtani wa kweli huja kimya, anachota maji, anajaza mitungi, anaondoka. Bwana Anselmi alikuja amevaa kama mbu. Mabawa ya karatasi alitengenezewa na mkewe. Niliyapiga pasi mimi. Alizunguka kijeneza kile akivuma zzzz, akajifanya ameshiba, akajipapasa tumbo. Wenzake wakampigia makofi.

Mama wa mtoto alicheka. Askari alikuwa amesimama nyuma yake kuhakikisha anacheka.

Tukiwa garini kurudi, Bibi aligeuka kunitazama kiti cha nyuma. "Uliona machozi yake? Furaha na huzuni kwa pamoja! Watu wenu wana hekima kubwa kuhusu kifo. Sisi tumeipoteza."

"Poleni, Bibi," nikasema.

Haukupita muda Bwana Anselmi naye akafa. Alikuwa juu ya ngazi anatundika ngoma nyingine ukutani, ngazi ikateleza. Ngoma haikupata hata mkwaruzo. Bibi alilia kama anavyolia mtu yeyote, na nilimwonea huruma kama ninavyomwonea mtu yeyote.

Asubuhi ya pili nikasikia kelele getini. Ni Bi Nyamizi, na mpwa wake Masunga, kijana mkubwa wa kubeba mizigo sokoni, aliyelelewa naye. Wamebeba majembe.

"Bi Nyamizi," nikamwambia, "hawa si kama sisi."

"Kwani si walisema ni watani?"

"Walisema."

"Na waziri akasema utani ni utani?"

"Alisema."

"Basi mtu hafi akaachwa bila kusemwa. Ataondokaje? Atafika huko adhani hakuwa mtu." Akakohoa, pumu ilikuwa imemshika. "Nipishe, mtumwa. Makaburi yao yako wapi?"

Wakachimba, yeye na Masunga, kwenye makaburi ya wageni, penye nyasi zilizokatwa kama nywele za bwana harusi. Bi Nyamizi alikuwa anachimba, anasimama kuvuta pumzi, anachimba. Akapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Akasugua masufuria ya wapishi wa hoteli walioletwa kupikia msiba pale pale, yaliyokuwa safi. Bibi alipopita na miwani yake myeusi alisimama akamtazama. "Watu wazuri sana hawa," akasema, na mmoja wa Chama akawapiga picha.

Ukafika wakati wenyewe. Wageni wamekaa kwenye viti vyeupe, padri wao amemaliza kusoma, mwanamke mmoja amepiga zeze. Hapo Bi Nyamizi akatokea nyuma ya maua. Amevaa kaptura ya Bwana Anselmi, imemkaza mpaka inalalamika. Soksi zimevutwa hadi magotini. Kofia ya ukili kichwani.

"Habari gani yangu!" akapiga kelele, sauti ya marehemu tupu. "Nyanya hizi fungu shilingi ngapi? Aaa, ghali! Ghali sana! Mimi si mgeni, mimi mwenyeji!" Akajifanya anabishana na bibi kizee wa sokoni mpaka bibi kizee anachoka, anapewa nyanya bure, anaziringia. Akajifanya anaonja ugali, anafumba macho: "Mmm! Ladha halisi!" kisha anageuza mgongo, anautema, anachomoa mkate mfukoni. Hata mbwa wa Bwana Anselmi alitikisa mkia.

Halafu akashuka kaburini, taratibu kwa sababu ya kaptura. "Sitoki! Anselmi, uliipenda nchi hii, ukasema hutaki kuondoka. Haya! Leo nchi imekupenda, imekumeza. Hutoki tena hata kwa viza! Nipeni kuku!"

Upande wa viti, kimya. Upande wa jikoni, wapishi walijaza vitambaa midomoni. Bibi Hedvika akasimama, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwenye msiba wowote, maana halikuwa la msiba.

Askari walimtoa Bi Nyamizi shimoni. Yeye alifikiri wamemletea kuku.

Shitaka lilikuwa kumkashifu marehemu wa kigeni kwa nia ya kuvuruga mapenzi kati ya nchi na nchi. Shahidi mtaalamu wa utani alikuwa Bibi Hedvika.

"Utani halisi una mipaka," aliieleza mahakama kwa upole. "Ni mila ya zamani na ya kina. Inasikitisha kuona wenyeji wenyewe hawaielewi tena. Mama huyu hakuhudhuria kozi."

Hakimu akamwuliza Bi Nyamizi kama ana cheti.

"Cheti changu ni hii mikono, mheshimiwa," akasema, akaonyesha malengelenge.

"Mahakama haisomi mikono. Je, unajutia?"

"Najuta sana. Bwana yule alikuwa mrefu, na mimi pumzi iliniishia, kaburi likawa fupi. Nasikia mlimkunja."

Wapishi waliocheka wakatolewa nje. Bi Nyamizi akapewa miaka, na serikali ikapiga marufuku mwenyeji yeyote asiye na cheti kufanya utani mazikoni. Mheshimiwa Tundwe alifafanua redioni kwamba utani ni kama barabara ya kwenda Ikulu: wote tunajivunia, ila magari yanapita upande mmoja.

Kwetu mtani akimkosea mtani mwenzake, kuku mmoja humaliza. Masunga akanunua jike zuri jekundu, tukampelekea Bibi, nikamweleza kwa utaratibu: ukimpokea kuku, umesamehe; ukisamehe, unamwambia hakimu. Bibi akampokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Akampa jina Sigrida. Akamtandikia mkeka. Kwa hakimu hakwenda, kwa sababu, alisema, haingii kwenye siasa za wenyeji.

Nilimtembelea Bi Nyamizi gerezani. Wamemlaza kwenye chumba chenye ukungu mpaka darini, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.

"We mtumwa," akasema, "humu sitoki kwa miguu. Sikiliza, na usinitolee macho kama mbuzi. Nikifa nataka kitu kimoja. Uje unizike wewe. Unichimbie, unitukane vizuri, watu wacheke. Nisije nikatupwa ardhini kama gunia la serikali."

"Wamekataza, Bi Nyamizi. Nitafungwa."

"Ndiyo maana nakuambia mapema, ujiandae." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mlinzi akasema muda umekwisha.

Hakumaliza msimu wa mvua. Walitupa mwili wake kwenye geti la gereza ndani ya jeneza la mbao za maboksi.

Mimi na watu wa bondeni tulimchimbia kaburi kwenye kiwanja cha nyuma ya soko. Tulichimba kimya. Askari walikuwa wamezunguka na amri iko wazi: mwenyeji akifungua mdomo, anapanda gari. Nilikuwa nimeshika mpini na nawaza namna ya kutimiza nilichoombwa, na kila nilichokiwaza kiliishia kwenye chumba kile chenye ukungu.

Ndipo magari ya kilimani yakafika. Akashuka Bibi Hedvika, mwenyekiti wa Watani wa Taifa, amekuja kusamehe. Alikuwa amejifunga mito miwili kiunoni apate unene, kofia ya ukili kichwani, beseni la mihogo mkononi.

"Mihogo! Mihogo!" akaimba, akitikisa mito. "Mimi Nyamizi! Mimi sina cheti!" Wenzake wakapiga makofi. Akarukia ndani ya kaburi tulilochimba, akakaa, akakunja mikono. "Sitoki! Nipeni kuku!"

Mfiwa alikuwa Masunga peke yake. Akasogea ukingoni, akavua kofia.

"Sina, Bibi. Aliyekuwa ananilisha ndiye huyo hapo kwenye boksi."

"Nipeni kuku!" Bibi akarudia, akitabasamu, maana alijua wafiwa huanza kwa kukataa.

Masunga akakaa chini. Na sisi tukakaa. Jua likapanda. Bibi akasema mara nyingine, kwa sauti ndogo kidogo. Hakuna aliyejongea. Askari mmoja akainama amnyooshee mkono, mkuu wake akamvuta ukosi: "Wee! Marufuku kumgusa!" Bibi mwenyewe akasema kutoka chini, "Msiniguse. Mila ni mila." Akapigiwa simu Mheshimiwa Tundwe, naye akasema sheria ni sheria, akaomba asipigiwe tena wakati wa chakula.

Basi mimi nikainuka, nikasimama mbele ya jeneza.

"We Nyamizi! Kupe wa mlimani! Amka uone ajabu! Umekufa leo tu, na tayari kaburi lako limepata mpangaji kutoka ng'ambo!"

Kicheko kililipuka kutoka kila upande. Wanawake walishikana. Masunga alijiangusha chini, akapiga ardhi kwa viganja, akacheka mpaka akaanza kulia, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia. Bibi Hedvika, akidhani wanamcheka yeye kwa sanaa yake, akavua kofia akainamisha kichwa kushukuru. Wageni wakashangilia. Askari wakatazamana: wananchi wanacheka, Mtani wa Taifa ameridhika, wamkamate nani? Na wao wakacheka, wengine kweli.

Nikaendelea. Nikamwambia mihogo yake ilikuwa migumu, watu waliinunua kufukuzia mbwa. Nikamwambia kaptura ya Bwana Anselmi imepeleka mashitaka yake yenyewe. Huku nikisema, wenzangu walichukua majembe wakachimba kaburi jingine hatua chache pembeni, refu na pana, lenye kumtosha mama mnene kujinyoosha. Tukamshusha humo. Tukafukia. Tukaenda kunywa uji.

Bibi bado yumo katika lile la kwanza.

Mheshimiwa alijitolea kulipa kuku yeye mwenyewe, Bibi akakataa. Anayelipa ni mfiwa. Wakampelekea Masunga kuku ili yeye ampe Bibi. Masunga alishukuru sana, akamla. Wakampelekea mwingine, akamla pia. Siku hizi amenawiri. Serikali ilitaka kujenga paa juu ya shimo, lakini Chama kikaandamana, kikasema paa litaharibu uhalisia. Wanachama huja jioni na viti vyao vya kukunja, wanamtazama, wengine wanalia kwa namna anavyoielewa mila.

Mimi kazi sijaachishwa. Kila asubuhi nampelekea chai, naishusha kwa kamba. Jana mvua kubwa ilinikuta pale ukingoni, nikafungua mwavuli wangu.

"Mila inasemaje kuhusu mwavuli?" akauliza kutoka chini, maji yakimfika vifundoni.

Nikafikiri kidogo, maana swali la mtu anayetaka kujifunza halijibiwi ovyo.

"Hairuhusu, Bibi."

"Asante," akasema, na uso wake ulifurahi kwelikweli, akakaa vizuri kwenye maji.